Tupeane uzoefu: nani kakutana na mngwa uso kwa uso?

Mwenyeji wa Kusini:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kanirushia ile picha ya chui mweusi wa Laikipia, Kenya, iliyosambaa 2019, kaniuliza, "Kaka, ndiye mngwa wa babu huyu?" Usingizi ukaruka. Sisi tuliokulia Lindi na Kilwa jina hili tumetishiwa nalo tangu hatujaota meno. Wengine wanamwita nunda. Si simba, si chui. Wa kijivu, ana michirizi ya paka shume, kimo chake punda. Hichens, hakimu wa Kiingereza aliyefanya kazi Lindi enzi za mkoloni, alichapisha mwaka 1937 habari za askari wa zamu aliyekutwa kauawa sokoni usiku, ngumini kakamata manyoya ya kijivu. Babu yangu habari hiyo alikuwa nayo bila kusoma popote, na akiitaja usiku anashusha sauti.

Mimi naamini yupo, wataalamu hawajamfikia tu. Mwenye tukio alete. Wa "jirani wa shangazi aliona" nao wapite, ila waseme ni la kusikia.

Kimya Kingi:
Naweka kambi hapa. Uzi wa moto huu.

Binti Rufiji:
Mimi kwenye hili sina utani. Msimu wa mpunga kwetu familia nzima inahamia bondeni, mnalala dunguni kulinda nguruwe pori. Dungu letu lilikuwa la miti na makuti, mkishapanda mnavuta ngazi juu. Mjomba alikuwa na dungu lake ng'ambo ya jaruba. Desturi ni kupigiana madebe: huyu akipiga, yule anaitikia, ili kila mtu ajue mwenzake yu macho.

Usiku ule giza totoro. Mjomba akaitikia, akaitikia, kisha tukasikia debe linaanguka chini. Sikusikia mngurumo wowote. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, maana simba tulikuwa tunamsikia kila mwaka. Nilisikia miti inalia, halafu mjomba akaita jina la mama, mara moja tu. Mama akanibana mdomo. Tukakaa hivyo mpaka alfajiri, tumejikojolea wote wawili, na sioni haya kusema.

Kulipokucha ngazi ya mjomba ilikuwa bado juu. Juu! Aliyemchukua alipanda kwa nguzo. Wazee wakatazama nyayo, wakasema hizi si za simba, wakalitaja hilo jina. Baadaye wakaja askari wa wanyamapori wakaua simba dume mzee, jino limeoza. Watu wakaacha kuliwa. Wazee nao wakashikilia kwamba kilichouawa ni simba, mwenyewe kahama tu. Mama hajalima bondeni tena.

Leo mtoto wa jirani anapiga debe dirishani kwangu, mwili ukanisisimka, ndipo nikaukuta huu uzi.

Kimya Kingi:
Pole sana dada. Nimeishiwa maneno.

Mtu wa Maabara:
Pole sana dada yangu. Niseme kwa heshima. Simba akiwinda hangurumi, ananyata kimya. Na wa Rufiji na Lindi kumtoa mtu dunguni si jambo geni. Utafiti uliotoka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, wengi wao huko huko kusini, na miezi mibaya ni Machi mpaka Mei, wakati wa kuvuna. Nguruwe pori anafuata mpunga, simba anafuata nguruwe, sisi tumelala katikati. Kwa vifo hivyo hatuhitaji mnyama wa ziada.

Kuhusu michirizi: mwaka 1926 huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alipatikana duma mwenye mabaka mapana na mistari mgongoni. Mwaka uliofuata mtaalamu wa London, Pocock, akamtangaza kuwa spishi mpya, akampa na jina la kifalme. Mwaka 1981 duma wa kawaida kabisa akazaa mtoto wa namna hiyo kwenye kituo kimoja Afrika Kusini. Mwaka 2012 ikaonekana ni jeni moja tu, ile ile inayobadili michirizi ya paka wa nyumbani. Hoja ya spishi mpya ikafa hapo. Huyo mweusi wa Laikipia naye ni chui tu, ukimtazama mwangani madoa unayaona.

Mwenyeji wa Kusini:
Na kipunji je? Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja miaka yote, wasomi wanasema hadithi. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao Rungwe, na wengine wakamkuta Ndundulu, 2005 akaandikwa. Nyani mzima, nchi hii hii! Okapi naye, yule ndugu wa twiga, mpaka 1901 alikuwa porojo za watu wa msitu wa Kongo.

Mtu wa Maabara:
Kipunji anaishi juu ya miti, milimani. Mngwa wako anaingia sokoni. Anayeingia sokoni angeshagongwa na lori.

Fundi Redio:
Mnabishana bure. Nunda ni wa hadithi ya Sultani Majinuni, Steere, mmisionari wa Kiingereza, aliichapisha 1870. Tumelala nayo utotoni wote.

Mwenyeji wa Kusini:
Vizuri umemtaja. Paka wa Sultani alipokula ndama, Sultani alisemaje? Paka wangu, ndama wangu. Akaendelea hivyo hivyo mpaka paka akaanza kula watu na wanawe mwenyewe. Ndugu yangu, wewe ndiye Sultani.

Fundi Redio:
Na wewe ndiye ndama.

Mie wa Makunduchi:
Nyie wa bara mnatafuta, sisi huku kwetu tunaogopa kupata. Chui wa Unguja hakuwa wa msituni tu, wengine walikuwa na wenyewe. Bibi yangu alikuwa akimwona mtu fulani kanunua nyama nyingi kuliko watu wa nyumbani kwake, basi keshajua. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakasakwa, chui na wanaosemwa kuwafuga. Chui mmoja aliyetiwa pamba mpaka leo yupo makumbusho. Wazungu walimpa jina la kisayansi 1932, leo wanazunguka na kamera usiku kuuliza kama kabakia. Wangeuliza wenyewe.

Kimya Kingi:
Wenyewe kina nani dada? Taja hata herufi ya kwanza.

Mie wa Makunduchi:
Thubutu! Mie nalala huku, wewe hulali huku.

Utingo Mstaafu:
Nimesoma nimecheka, nimesoma nimelia. Sasa nisikilizeni. Ni kabla ya lami kumalizika, ile njia ya Kibiti kwenda Lindi. Waliopita Somanga masika wanajua, gari linazama mpaka ekseli, mnalala hapo na abiria. Tumebeba sembe, vitunguu, na juu ya turubai mbuzi watatu wa abiria mmoja mzee. Usiku mvua imekata. Dereva yuko kwenye kebini, mimi nimejibanza chini ya bodi. Nikasikia gari linacheza. Tani kumi, wakuu, linacheza! Nikadhani abiria wanapanda. Nikachungulia. Kitu kimesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele iko juu ya bodi, mkia unagusa tope...

Ngojeni, natakiwa kushusha mzigo. Narudi.

Kimya Kingi:
Wewe mzee ni mchawi kuliko wa Makunduchi.

Mpita Njia:
Chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Fundi Redio:
Mstaafu gani anashusha mzigo?

Wa Nyeri:
Wakati tunamngoja huyo mzee, sisi huku Aberdare tuko na simba wa madoadoa, marozi. Mwaka 1931 mkulima mzungu aliua wawili kule juu kwa baridi, ngozi ikapelekwa London. Mwingine, Gandar Dower, akaja kumtafuta makusudi na hakumpata akiwa hai. Guka yangu, yaani babu, alisema ni simba kijana tu, kwa sababu watoto wa simba huzaliwa na madoa na wengine hukua nayo. Lakini usiku akienda choo alikuwa anabeba panga.

Binti Rufiji:
Jamani utingo karudi?

Mwenyeji wa Kusini:
Bado. Wakati huo tupeane basi, ukikutana naye unafanyaje?

Mpita Njia:
Mtazame machoni, rudi kinyumenyume polepole.

Wa Nyeri:
Chui usimtazame machoni hata kidogo! Ataona ni vita.

Fundi Redio:
Washa moto, washa redio. Wanyama hawapendi taarifa ya habari.

Binti Rufiji:
Moto tulikuwa nao.

Utingo Mstaafu:
Nimerudi. Kustaafu si kuacha kula, Fundi. Basi, mnyama akakamata mbuzi kwa shingo, akashuka naye bila kishindo. Kurunzi ya dereva ikampata kiunoni: kijivu, mistari imekatikakatika, mkia mnene. Kichwa sikukiona, na sitaongeza kichwa nisichokiona. Mzee mwenye mbuzi akatoa tasbihi, akasema tusilitaje jina mpaka kukuche. Asubuhi turubai lina mipasuko minne, ndani ya mipasuko kuna nywele.

Mtu wa Maabara:
Fisi mwenye mistari yupo nchini, mkuu. Kijivu, ana mistari, na mkia wake una manyoya mengi.

Utingo Mstaafu:
Fisi namjua, kucha zake butu, hachani turubai. Usinifundishe fisi.

Mtu wa Maabara:
Hilo la kucha nakubali, una hoja. Kusimama na kushuka na mbuzi mzima ni kazi ya chui, lakini chui hana mistari. Kwa hiyo nywele! Nywele yenye mzizi inatosha kupima vinasaba, ubishi unaisha siku hiyo. Turubai liko wapi?

Mwenyeji wa Kusini:
Mkuu, mimi niko tayari kuchangia nauli ya kulifuata.

Utingo Mstaafu:
Tajiri aliliuza pamoja na gari. Mara ya mwisho nimeliona Mbagala, limefunika banda la kuku.

Fundi Redio:
Na kuku wako wangapi?

Mpita Njia:
Mbagala sehemu gani? Kuna fundi wangu anakaa huko, namtuma kesho.