Yule bwana nani alimpa ruhusa ya kututangazia kwamba mvua zimeisha?

Mama_Chanja:
Wakuu, salamu baadaye, nina hasira. Dagaa wangu wameoza. Sisemi wamelowa, WAMEOZA! Aliyeniponza mnamjua nyote mnaofika mwaloni Kunduchi, kwa hiyo simtaji. Ni yule wa sauti nzito kwenye grupu la wasapu, anayetuamsha alfajiri na "utabiri" wake, utadhani mawingu yanalala chumbani kwake.

Juzi katuma sauti: "Jamani masika imekatika, kipupwe kimeingia, anikeni." Tukaanika. Nikachemsha mzigo wote, nikajaza chanja, nikaazima na nyavu za jirani nitandaze chini. Usiku ikashuka mvua ambayo Nuhu mwenyewe angerudi kuongeza mbao. Asubuhi dagaa wa juu wamefura na kupiga njano, wa chini wamekuwa uji, ukibonyeza kidole linatoka povu. Mnunuzi wangu kaziba pua, kanitajia bei ya chakula cha kuku.

Nikamfuata yule bwana. Nikamuuliza kwa adabu, "Kaka, si ulisema mvua zimeisha?" Mbele ya wanunuzi, mbele ya wachukuzi, akanijibu: "Mama, umezaliwa pwani, hujui kunusa mvua?"

HUJUI KUNUSA MVUA. Mimi!

Na utabiri wenyewe redioni haukuwa hivyo. Ulisema masika kwa pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Pwani, Dar, Unguja na Pemba, inaelekea kuisha, ila vipindi vya mvua za nje ya msimu vitakuwepo kwa sababu pepo za kusi zinaleta unyevu kutoka baharini. Hapo kwenye "nje ya msimu" yeye kapameza, katuletea "anikeni". Halafu mimi ndiye nisiyejua kunusa! Wachukuzi wamecheka mpaka mmoja kadondosha tenga.

Kusi_Kali:
Pole mama. Ila tuseme ukweli, Juni hii kusi linavuma, bahari imechafuka, wingu zito linapanda kutoka baharini, na bado ukaanika mzigo wote usiku? Bila hata turubai?

Mama_Chanja:
Turubai lilikuwepo, upepo umelipeleka Bahari Beach. Na wewe usianze kuninusisha.

Mtoto_wa_Ferry:
Hahaha "kuninusisha". Huyo bwana namjua. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kinakuja, tahadhari imetolewa, boti za Zanzibar zimesimamishwa, yeye anatangaza kijiweni ni upepo wa kawaida. Kimbunga kikafika Mafia tarehe 4, akasema "si niliwaambia".

Mama_Chanja:
Asante! Na hamjasikia ile sauti aliyoitumia. "Hujui kunusa." Taratibu, anameza mate katikati. Mbele ya wachukuzi!

Wa_Kigogo:
Nyie mnalia dagaa, sisi maji yanaingia ndani bila hodi. Mvua inapiga Pugu na Kisarawe, huku kwetu jua linawaka, watoto wanacheza. Jioni Msimbazi umefurika, Jangwani pamefungwa, mwendokasi haupiti, unatembea na viatu mkononi. Hapo utanusa nini?

Mpangaji_Mabibo:
Afadhali yenu. Mwenye nyumba wangu nimemwonyesha maji yanadondokea kitandani, kaniambia paa halivuji, hilo ni jasho la bati. Jasho la bati limejaza beseni! Na kodi kapandisha.

Kusi_Kali:
Jasho la bati 😂😂 huyo na yule wa Kunduchi wamesoma darasa moja.

Mtoto_wa_Ferry:
Mimi wananikera makonda. Tone moja tu likidondoka Mwenge, gari la Tegeta linageuka la Makumbusho, na nauli inapanda palepale mlangoni.

Wa_Kigogo:
Bodaboda ndio kiboko. Anakuvalisha koti lake la mvua lililolowa kwa ndani, halafu anakudai hela ya koti.

Mama_Chanja:
Jamani, tulikuwa tunaongelea dagaa wangu.

Mpangaji_Mabibo:
Mama pole, tumesikia. Kuna mtu ana fundi wa paa wa huku Mabibo, asiyeomba nauli kwanza halafu akazima simu?

Kusi_Kali:
Ninaye, yuko Manzese. Ila mvua ikinyesha hapandi juu, na jua likiwaka anasema bati limepata moto.

Mpangaji_Mabibo:
Sasa anapanda lini?

Kusi_Kali:
Jioni. Tuma namba.