Naomba ushauri: walimu wetu wawili hawako kwenye listi ya mishahara

Ndugu zangu, wababa na wamama, hamjambo. Niko kwenye komite ya wazazi ya shule moja ya msingi huku Katuba, Lubumbashi. Ni shule ya umma inayosimamiwa na kanisa.

Tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, wadogo wanakaa chini. Direkta akaongeza walimu wawili. Wanafundisha vizuri sana, ila hawana matrikile (namba ya mtumishi wa serikali), ndio wale wa NU (nouvelles unités, yaani walimu wapya ambao bado hawajaingizwa kwenye listi ya mishahara), na serikali haijawalipa hata faranga moja. Faili zao tulizipeleka kwenye ofisi inayohusika. Kila tukifuatilia tunaambiwa ziko Kinshasa.

Sasa wazazi wengine wanataka tuchange kila mwezi. Mimi naogopa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, na sitaki mtoto afukuzwe kwa sababu mama yake hana kitu. Lakini mwalimu naye ana watoto wa kulisha.

Je, mchango wa hiari unaruhusiwa, na nani azishike hizo pesa ili direkta asishitakiwe? Na ninyi mliofanikiwa kuingiza NU kwenye listi, mlianzia kwa wasimamizi wa kanisa au serikalini moja kwa moja?