Create: boila inawaka ila injini ya stimu haina nguvu

Wakuu nimejenga boila kwenye gemu ya Minecraft na modi ya Create (nyongeza ya kujenga mashine), matangi manne, chini nimeweka blaze burner (jiko lenye kiumbe wa moto, blaze, ndani), pampu inaleta maji fresh, ila nikiunga mashine tatu za kusagia mtambo wote unaganda, shida nini?

— Huyo blaze umemlisha makaa? Bila kuni anatoa joto hafifu tu, injini inaishia SU 2048 (SU ni kipimo cha mzigo ambao mtambo unaweza kubeba). Akila, 16384.

— Na cheki gia mzee, kubwa ikisukuma ndogo spidi inakuja mara mbili na mzigo wa mashine nao unapanda hivyohivyo, ukizidi uwezo vyote vinasimama. Vaa miwani ya injinia utaona.

— Duh, kumbe jamaa alikuwa amesinzia tu 😂 saa nzima nahamisha mabomba! Sasa zinasaga.