Uling'atwa na mbwa wa mtu: ulilipwa, au uliambulia "pole"? Tupeane uzoefu

Mwana wa Kimara
Wakuu, leo kwenye daladala ya Mbezi kulikuwa na mama kafungwa bandeji mguu mzima, anabembeleza kwenye simu: "Baba, mimi kesi sitaki, nirudishieni tu hela ya sindano." Nikapitilizwa kituo kwa kumsikiliza.

Mimi yalinikuta Kimara, miaka kama mitano nyuma. Natoka dukani, geti la jirani liko wazi, boza la maji linaingia. Mbwa wawili wakatoka. Aliyebweka hakunifanya kitu. Yule kimya ndiye aliyenidaka paja, akaning'inia. Nilipiga kelele mpaka dereva wa boza akashuka na spana.

Sasa sikieni mzunguko. Naenda hospitali, naulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Naenda kituoni, naambiwa "nyie ni majirani, si mkayamalize?" Damu imeshajaa kwenye kandambili, nateleza nikitembea. Fomu nikaipata kwa kubishana, narudi hospitali, chanjo hakuna, katafute duka la nje. Na mwenye mbwa? Alinitumia elfu kumi kwenye simu na ujumbe: "Pole kwa usumbufu." Usumbufu!

Nani hapa aliwahi kulipwa kikweli, na alipita njia gani?

Kandambili
Hapo kwenye PF3 umenitonesha. Sina la kuongeza.

Bi Mkubwa wa Tabata
Pole mwanangu. Sisi zamani ukiumwa na mbwa unapakwa mafuta ya taa na kitunguu saumu, unapona, maisha yanaendelea.

Nesi Mstaafu
Shikamoo Bi Mkubwa, ila hapo unisamehe, nitakubishia. Jeraha la mbwa ni sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 zisipungue, kisha hospitali siku hiyohiyo. Chanjo inaanza siku hiyo, halafu siku ya 3, ya 7, na kuendelea kadiri ya ratiba watakayokupa. Meno yakiwa yamezama kuna na sindano nyingine ya kinga, ile wanayochoma kuzunguka kidonda chenyewe. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, watu wanaandaa turubai tu. Vifo hivyo nimeviona kwa macho yangu, sitaki kuhadithia.

Na mbwa msimuue. Afungwe, aangaliwe siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, basi hakuwa na kichaa siku aliyong'ata. Ila msisubiri hizo siku 10 ndipo muanze chanjo!

Simba wa Vikindu
Kwetu mawe kwanza, maswali baadaye.

Nesi Mstaafu
Na mzoga mnautupa jalalani, kichwa kimepondeka. Watu wa mifugo watapima nini?

Chuma cha Geti
Naona mnaonea wanyama tu. Mimi ninao watatu, wamechanjwa, kadi ninazo. Getini nimeandika MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, mpaka kipofu ataambiwa. Ukisogea umekubali mwenyewe, usije kwangu na habari za fidia.

Mwana wa Kimara
Mkuu, mimi nilikuwa barabarani na mkate wangu mkononi. Geti la mtu nalijulia wapi?

Wakili Njaa
Chuma cha Geti, hicho kibao ndicho kitakachokumaliza. Kwenye madai ya namna hii anayedai anatakiwa aoneshe kwamba ulijua mnyama wako ni mkali, au kwamba ulizembea kumdhibiti. Wewe la kwanza umeshamsaidia, umelipaka na rangi. Mwizi aliyeruka ukuta usiku ana habari yake, lakini mpita njia? Na usidhani yataishia kwenye madai tu. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 233 kinamgusa mtu anayezembea kuchukua tahadhari juu ya hatari ya mnyama aliye naye.

Chuma cha Geti
Basi nakifuta kesho.

Wakili Njaa
Ukikifuta utaulizwa kwa nini hukuonya watu. Kiache, funga geti.

Simba wa Vikindu
😂😂 Mawakili bwana. Kote kote unaliwa.

Msoma Mita
Mlioumwa mkiwa kazini msiwakimbilie wenye mbwa peke yao. Mimi nilidakwa ndani ya uwanja wa mteja nikisoma mita ya maji. Ofisi ikaandika taarifa ya ajali kwenda WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ila ulazimishe taarifa iandikwe mapema, mabosi wengine wanakuambia "kapumzike tu" ili yaishe.

Boda wa Goba
Sikilizeni kisa sasa. Usiku, nimembeba mzee kavaa suti, ananukia marashi, bahasha kaikumbatia kama yai. Kumbe ni mshenga, anapeleka barua ya posa. Tunafika kwenye jumba la watu, getini mlinzi wa kampuni na mbwa. Sijui mlinzi alishtukia taa yangu au alikuwa kalala, kamba ikamponyoka. Mbwa kaja mzima mzima. Pikipiki chini, mguu wangu chini ya pikipiki, nasikia mfupa unalia ka! Mshenga naye kadakwa kwa nyuma, suruali ya suti imechanika mpaka kwenye mkanda, na bahasha hajaiachia. Baba wa binti anatoka na msuli, anauliza "nani nyie?" Mzee, amelala chini vile vile, akajibu "Hodi, tumekuja kwa heri."

Ngoja nimfikishe abiria, narudi.

Kandambili
WE BODA RUDI HAPA

Bi Mkubwa wa Tabata
Jamani, barua ilipokelewa?

Mwana wa Kimara
Wakuu, mada ni fidia.

Simba wa Vikindu
Mada imebadilika mkuu, kaa kwa kutulia.

Boda wa Goba
Nimerudi. Barua ilipokelewa ikiwa na damu. Shida ikaja kwangu. Pande zote mbili zikaniambia "haya ni mambo ya kifamilia, yasifike mbali." Mimi ni familia ya nani? Nimewekewa chuma mguuni, pikipiki ni ya mkataba, hesabu ya tajiri inadaiwa kila jioni. Akaja kijana na pesa kidogo na karatasi imechapwa kabisa: nimepokea malipo yote na sitadai tena. Nikagoma kuweka sahihi. Chuma bado kiko mguuni, nitasemaje yameisha?

Mjumbe akanipeleka kwa msaidizi wa kisheria, bure. Ikaandikwa barua ya madai kwa wawili: kampuni ya ulinzi na mwenye nyumba. Zikaambatanishwa PF3, picha, na risiti zote, ile ya fundi pikipiki mpaka nauli. Kampuni ikavuta miguu, ilipoona safari ya mahakamani inaiva ikalipa matibabu, matengenezo na kifuta jasho juu. Sikutajirika, ila mkataba wa pikipiki niliumaliza.

Wakili Njaa
Hiyo ya risiti mshike. Gharama ulizotoa, hakimu anataka uzitaje moja moja na kuzithibitisha. Maumivu na usumbufu ndiyo anayokadiria yeye.

Kandambili
Mimi ningeenda mahakama ya mwanzo, rahisi, huhitaji wakili.

Wakili Njaa
Watakurudisha. Madai ya uzembe kama haya yaanze mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Huna hela ya wakili? Tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wapo hapa Dar; kina mama wana WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake.

Chuma cha Geti
Au mkae kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mle soda, yaishe. Mnapenda kesi.

Kandambili
Kwa mwenyekiti ambaye ni rafiki yako?

Bi Mkubwa wa Tabata
Boda mwanangu, na mshenga alilipwa nini?

Boda wa Goba
Yule mzee noma. Hakudai shilingi. Siku ya kupanga mahari akasimama, akawaonesha suruali, akasema upande wetu unaomba punguzo. Wakapunguza!

Bi Mkubwa wa Tabata
Hilo sikubali. Mahari ni haki ya binti. Mlinzi wa kampuni, mbwa wa kampuni, halafu akatwe bibi harusi?

Simba wa Vikindu
Bi Mkubwa, suruali ya suti unaijua bei yake?

Mwana wa Kimara
Wakili, nisaidie kabla hawajanimeza. Naweza bado kumdai yule jirani?

Wakili Njaa
Ulisema miaka kama mitano. Sheria ya Ukomo inakupa miaka 3 kwa madhara ya namna hiyo. Umechelewa mkuu.

Mwana wa Kimara
Duh.

Kandambili
Pole kwa usumbufu.

Simba wa Vikindu
😂😂😂 Kandambili una roho mbaya. Boda, walipunguza ng'ombe au hela taslimu?