"Si ulijaribu mwenyewe?" Wauza besi na vifaa vya studio vya mtumba, mmetuchosha

Wakuu salamu,

Naandika nikiwa na hasira, lugha mtanisamehe. Nimepigwa. Nimepigwa mara mbili ndani ya miezi minne, kwanza kwenye gitaa la besi, halafu kwenye intafesi ya kurekodia, kile kiboksi cha kuingizia maiki na ala kwenye kompyuta. Mara zote mbili kitu nilikijaribu kwa mikono yangu, mbele ya muuzaji, nikaridhika, nikalipa, nikaondoka natabasamu kama bwege. Na mara zote mbili nilipomrudia mwenye mali nilipewa jibu lile lile, utadhani wamekaa darasa moja: "Si ulijaribu mwenyewe?"

Haya, leo niwaelezeni hilo jaribio lilivyokuwa.

Tangazo la besi lilikuwa na picha 11. Jana usiku nimezihesabu tena. Mwili kwa mbele, mwili kwa mbele tena ukiwa juani, pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi), daraja, vitufe, begi, kichwa na vigingi vyake. Picha ya shingo kwa ubavu hamna hata moja. Maelezo: "Iko safi, haina shida yoyote, nauza kwa sababu nahamia kwenye kinanda." Nyuzi nne, umbo la Jazz Bass, rangi imechubuka pale mkono unapolala, yaani ule mchubuko unaokufanya uamini kuwa mtu ameipenda na kuipiga miaka.

Nikaenda. Jamaa mkarimu kwelikweli. Kiti kimeshawekwa, amplifaya imeshawashwa, kanikabidhi besi na kusema, "Nimekutyunia kabisa mkuu, wewe piga tu." Hiyo kauli ikumbukeni. Nikapiga kama dakika ishirini. Nyuzi ziko chini, laini vidoleni, hakuna freti (vile vyuma vilivyolala kwenye shingo) inayokwaruza. Moyoni nikasema hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nikalipa bila hata kuomba apunguze, maana niliogopa mwingine ataiwahi.

Nyumbani nikafungua programu ya kutyuni kwenye simu. Uzi mnene unasoma D. Unaofuata G, kisha C, kisha F. Besi nzima imeshushwa toni moja! Nikacheka, nikadhani labda jamaa anapigia mwimbaji mwenye sauti nzito. Nikapandisha hadi E, A, D, G kama kawaida, nikaiegemeza ukutani, nikalala. Asubuhi nyuzi zimeinuka kama kamba za kuanikia nguo. Kwenye freti ya 12 kutoka chini ya uzi hadi kwenye freti ni karibu nusu sentimita. Ukiibonyeza unahisi unavuta manati.

Kwa wasiojua mambo haya: nyuzi nne za besi zikiwa kwenye tyuni ya kawaida zinaivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Ndani ya shingo kuna chuma, trasi rodi, kinachovuta upande wa pili ili shingo isipinde kama upinde wa mishale. Sasa ukishusha tyuni toni moja, mvuto wa nyuzi unapungua kwa kama asilimia 20. Kwa hiyo shingo ambayo chuma chake kimeshakufa itaonekana imenyooka vizuri tu, alimradi umelegeza nyuzi. Na nyuzi zilizolegea ni laini vidoleni. Ule ulaini niliousifia dakika ishirini nzima mbele yake, huku yeye akitikisa kichwa kwa upole, ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe.

Nikafungua kile kifuniko kidogo cha plastiki pale kichwani. Skrubu mbili. Moja imeshika kutu, nyingine mpya inang'aa. Nikaingiza kiufunguo cha pembe sita, nikazungusha robo. Hakuna ukinzani. Nusu. Hakuna. Kinazunguka tu kama kijiko ndani ya glasi tupu.

Fundi alimulika tochi, sekunde kumi zikamtosha. Nati imelika, pembe zote zimekuwa duara. "Hii mtu kaipigania sana," akasema. Akajaribu kugongomea kiufunguo kikubwa kidogo, ikagoma. Kinachobaki ni kubandua ubao wa vidole wote au kutafuta shingo nyingine. Bahati yangu shingo imefungwa mwilini kwa skrubu nne. Ingekuwa zile zinazopita moja kwa moja hadi kwenye daraja, hapa ningekuwa na kuni zenye pikapu.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, na picha nikamtumia. Akasoma. Saa tatu baadaye: "Pole mkuu, mimi nilikuwa naitumia hivyo hivyo. Vitu vya mtumba ndivyo vilivyo. Si ulijaribu mwenyewe?" Nikajibu. Alama moja tu ya kijivu. Ameniblok.

Mtu mwenye akili angepumzika. Mimi nikasema yaliyopita si ndwele, ngoja angalau nirekodi nyimbo zangu kwa kinanda na sauti, nikaanza kutafuta intafesi. Nikapata moja ya njia mbili, ya USB, muuzaji mwingine kabisa. Huyu nilimwendea nimejipanga. Nimebeba kompyuta yangu, draiva nimeshaziweka, maswali nimeyaandika. Maiki yake akaichomeka njia ya kwanza, nikaongea, taa ya kijani. Njia ya pili, nikaongea, taa ya kijani. Hedifoni safi, pande zote mbili. Nikauliza, "Na 48 iko sawa?", yaani ule umeme wa volti 48 ambao intafesi inazitumia maiki za kondensa, ambazo bila huo hazitoi sauti. Akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka. "Si unaona?"

Nikaona. Nikalipa.

Wazoefu mmeshajua mwisho wake. Maiki aliyonijaribishia ilikuwa SM58. Hiyo ni maiki ya koili, haihitaji volti 48 hata kidogo. Ukiipa inaendelea kuimba, ukiinyima inaendelea kuimba. Nimefika nyumbani nimechomeka kondensa yangu, kimya. Nimebadilisha waya, kimya. Nimekwenda njia ya pili, kimya. Nikachukua mita, nikapima kati ya pini ya 1 na ya 2: volti 9 na kidogo. Kipimo kinatakiwa kiwe 48, kikicheza kisizidi volti 4 juu au chini. Taa nyekundu inawaka kwa raha zake, maana taa kazi yake ni kuonyesha kwamba kitufe kimebonyezwa, basi.

Nikampigia. Huyu angalau alipokea. "Mbona tuliijaribu wote? Si ulijaribu mwenyewe?"

Sasa wakuu, mnaona hapo? Hawa watu hawakunidanganya kwa mdomo. Ukiwapeleka popote watashinda. Walichofanya ni kunichagulia jaribio. Yule alijua shingo inasimama tu nyuzi zikiwa zimelegezwa, akanityunia yeye. Huyu alijua volti zimekufa, akatoa maiki isiyozihitaji. Mtu asiyejua kasoro ya kitu chake hawezi kupanga jaribio linaloikwepa kasoro hiyo hiyo na kupita kila mahali pengine. Kasoro mimi sizichukii. Nusu ya vifaa nilivyonavyo vina kasoro. Nina miksa ambayo njia yake ya nne lazima uipige kofi ndipo iamke, na niliinunua najua, maana mwenyewe aliniambia, tukapunguziana bei, mpaka leo ni rafiki yangu. Angeniambia "shingo imekufa, chukua mwili na pikapu", ningechukua!

Halafu intafesi yenyewe bado imesajiliwa kwa jina lake. Programu zilizokuja nayo ameshazitumia zote, na kuihamishia kwangu mpaka yeye aiachie kwenye akaunti yake. Anasema nenosiri amesahau. Sawa.

Nikiwa hapa niwaguse na wale wanaouza "besi ya Fender ya 1964". Bwana Leo Fender, mwenye kampuni ya Fender, aliiuza kwa shirika la CBS la Marekani mwaka 1965, ndiyo maana watu wanalipa zaidi kwa ya kabla ya hapo, na ndiyo maana kila besi kuukuu inayouzwa na mjanja ilizaliwa 1964, haijawahi kuzaliwa 1971. Niliwahi kumwomba mmoja anitumie picha ya poti kwa ndani, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti. Namba mgongoni: 1376812. Hiyo 137 ni mtengenezaji, CTS, 68 ni mwaka, 12 ni wiki. Besi ya 1964 ina poti ya 1968. Akajibu bila aibu: "Fundi alibadilisha." Zote tatu? "Zote tatu." 

Na wanaofifisha namba ya seriali kwenye picha, wakiulizwa wanasema "ni kwa usalama". Usalama wa nani? Namba ndiyo inayomwezesha aliyeibiwa kutambua mali yake. Besi ya Höfner ya Paul McCartney iliibwa London mwaka 1972, imerudi mikononi mwake baada ya zaidi ya miaka 50, na huyo ni McCartney, dunia nzima ilikuwa inasaidia kuitafuta. Mimi na wewe yetu ikiibwa tunaagana nayo siku hiyo hiyo.

Nisiwe mnafiki, na wanunuzi tuna vituko vyetu. Mimi pia nauza mara moja moja, na salamu ya kwanza ninayopokea huwa "mwisho ngapi?" kabla mtu hajauliza hata ina nyuzi ngapi. Kuna mmoja nilimuuzia besi yenye umeme wake ndani, inatumia betri ya volti 9. Baada ya siku tano anarudi amenuna, besi imekufa, anataka hela yake. Nikamuuliza waya huwa unautoa ukimaliza? Hautoi. Usiku kucha waya umechomekwa, na kwenye besi za aina hiyo waya ukiwa tunduni ndio swichi yenyewe, betri inanyonywa hadi asubuhi. Nikambadilishia betri, tukacheka. Lakini niliyemlaumu nilikuwa mimi, nilitakiwa nimwambie siku ya kwanza.

Nikirudi kwa hawa wawili. Kuanzia sasa tyuna ni yangu, na nyuzi napandisha mimi hadi E, halafu tunakaa tunapiga stori nusu saa shingo ijionyeshe. Nabonyeza uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, naangalia nafasi pale katikati, karibu na freti ya 7: unene wa kadi ya biashara hivi, ikizidi sana naomba kifuniko kifunguliwe. Kondensa yangu naibeba begini kama mganga na tunguri zake. Muuzaji akisema "hapana, tumia hii yangu", naaga.

NYONGEZA: Naona wengi mnataka niwataje. Siwataji, nishajifunza vya kutosha mwaka huu, sihitaji kesi juu yake. Aliyeandika kwamba nimejitakia kwa kutosikia toni moja nzima imeshuka, mkuu, una haki. Nilikuwa peke yangu, hakuna kinanda wala mtu wa kunilinganishia, na nilikuwa nimeshaipenda. Nimekubali kofi hilo.

NYONGEZA YA 2: Kwa wale watatu mnaomtetea wa besi kwamba "pengine naye aliuziwa hivyo, hakujua". Nilikuwa nafikiria hivyo hivyo, na juzi karibu nifute andiko hili. Jana nimelifua lile begi lililokuja na besi. Kwenye mfuko wa mbele, chini kabisa kwenye mshono, kuna kiufunguo cha pembe sita. Nimekipeleka kwa fundi, saizi ni ile ile ya nati. Ncha yake imelika, pembe zote zimekuwa duara.