Mrejesho: seva tatu, foleni moja ya SMS

Wakubwa, niliuliza namna ya kuzuia seva zetu tatu hapa Bukavu zisichukue SMS ileile kwenye jedwali moja la hifadhidata (database) yetu ya PostgreSQL. Wateja walikuwa wanapata ujumbe wa malipo mara mbili. FOR UPDATE SKIP LOCKED, maneno ya kuongeza kwenye SELECT ili kufunga mistari unayoichukua na kuruka iliyofungwa, imemaliza ubishi. PostgreSQL inayo tangu toleo la 9.5. Seva ikikuta mstari umefungwa na mwenzake inauruka, haingoji.

Mzigo nao ulikaa sawa tuliposhusha LIMIT (idadi ya juu ya SMS ambazo seva inachukua kwa mpigo) kutoka 500 hadi 20. Kabla ya hapo seva ya kwanza ilizoa zote.

Angalizo: seva ikizimika ghafla (umeme wetu mnaujua), kufuli la mistari yake haliachiliwi papo hapo, kwa sababu hifadhidata bado inadhani seva imeunganishwa. Linux kwa kawaida hukaa saa 2 kabla ya kuanza kupima muunganisho uliokaa kimya. Tumeweka tcp_keepalives_idle (mpangilio wa PostgreSQL wa muda huo wa kukaa kimya) sekunde 60.