Mrejesho: Fawlty Towers jukwaani Iringa, bila pazia

Wakuu, tunaigiza Fawlty Towers, komedi ya TV ya Uingereza inayotokea hotelini, na niliuliza namna ya kuonyesha mapokezi, ukumbi wa chakula na chumba cha mgeni kwenye ukumbi usio na pazia. Nashukuru kwa majibu. Lililofaa zaidi ni kuacha kabisa kubadilisha mandhari: mapokezi katikati, meza 2 kulia, kitanda kushoto kwenye jukwaa dogo lililoinuliwa. Taa ndiyo inahamisha macho ya watazamaji.

Kazi kubwa ni milango. Basil Fawlty, mwenye hoteli, anabamiza mlango kila mara, na fremu nyepesi ikitikisika ukuta wote unayumba, kicheko kinatokea pasipotakiwa. Funga mbao ya mshazari nyuma ya kila fremu na uibane chini kwa mfuko wa mchanga. Mbao za paini kutoka Mufindi ni rahisi kupata, ila chagua zilizokauka. Mbichi hupinda, mlango ukakwama katikati ya onyesho.

Kicheko kikipanda, mwigizaji asubiri kianze kushuka ndipo aseme. Akisubiri kiishe kabisa, kasi inakufa.

Masika epukeni: mvua kwenye bati inameza kila neno.